Land Cruiser ya kukodi kutoka Mombasa hadi Jangwa la Chalbi: uzoefu wangu wa siku 11

Nimelirudisha gari Jumatatu alasiri, na hadi leo nikikung'uta begi langu la nguo linatoka vumbi jeupe la Chalbi. Watu wengi wameniuliza kama inafaa kukodi gari huku pwani na kulipeleka mpaka jangwani, au ni heri kupanda treni na kukodi Nairobi. Naandika niliyoyaona, mazuri na yaliyonikera, ili mwenye nia asiende kichwa kichwa.

Gari lilikuwa Toyota Land Cruiser pikapu, ile 79 ya kabini moja, nyuma imefungwa kanopi na juu yake hema la kukunjua. Ndani mna friji dogo linalotumia betri ya pili, tangi la maji la lita 60, jiko la gesi, pampu ya upepo, meza na viti vitatu. Nililipa shilingi 17,000 kwa siku, na amana ya shilingi 50,000 juu. Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni fundi wa magari Changamwe. Kama si yeye, habari ninayoiandika hapa ingekuwa nyingine kabisa.

Hukumu yangu naitoa mapema. Gari lenyewe nalisifu bila kubakisha. Matayarisho ya yadi iliyonikodisha sikuyapenda, na nitaeleza kwa nini.

Injini ni ile dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo. Haina haraka. Mlima wa kutoka Isiolo kuelekea Nanyuki wakati wa kurudi tuliupanda taratibu mno, malori mawili yakatupita. Lakini shemeji alinionyesha sababu ya watu wa kaskazini kuipenda: ukifungua boneti unaona kila kitu, nafasi ya kutia mkono ipo, na vifaa vyake hupatikana hadi kwenye miji midogo. Pikapu za aina hii huunganishwa hapa hapa Mombasa, kwa hiyo mafundi wetu wanazijua kama viganja vya mikono yao. Kwenye lami tulipata kama kilomita 8 kwa lita, kwenye mchanga na mawe ikashuka hadi 5. Tangi linachukua lita 130 na tulibeba madumu matatu ya lita 20. Jaza kila kitu Marsabit. Mbele ya hapo mafuta niliyaona yakiuzwa kwenye madumu, na bei ni ya kuumiza.

Kabini ina nafasi ya watu watatu, ila wa katikati anasafiri na gia magotini. Tulipokezana.

Lami sina mengi ya kusema. Mombasa hadi Nairobi kila mtu anaijua na malori yake. Ninachotaka kukisema ni barabara ya Isiolo hadi Moyale. Wazee waliokuwa wakipeleka malori huko walikuwa wakitusimulia safari ya siku mbili tatu juu ya kokoto, magari yakienda kwa msafara na askari. Sasa ni lami tupu, kilomita 500 hivi, na tulitoka Isiolo baada ya chai tukala chakula cha mchana Marsabit. Nilipita Laisamis nikiwaza wale madereva.

Marsabit ilitushangaza kwa baridi. Mji uko juu ya mlima wenye msitu, na ukungu ulishuka usiku kama moshi. Hapo ndipo tulipolijaribu hema kwa mara ya kwanza. Linakunjuliwa kwa dakika tano, ngazi ni imara, godoro ni nene kuliko la nyumba nyingi za wageni nilizolala. Mke wangu, ambaye alikuwa na wasiwasi na habari ya kulala juu ya gari, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuamka. Shemeji alilala chini yetu ndani ya kanopi, na malalamiko yake yalikuwa moja tu: vumbi. Mpira wa mlango wa kanopi umechakaa. Baada ya siku ya kwanza ya njia ya vumbi, sufuria, mchele, nguo, hata sahani zilizofungwa kwenye sanduku, vyote vilikuwa na unga mweupe.

Kutoka Marsabit unafuata lami ya Moyale hadi Bubisa, kisha unakata kushoto kwenda Maikona na Kalacha. Njia ina makunyanzi yale ya kutetemesha meno. Tulipunguza upepo wa tairi kutoka pauni 40 hadi 28, na gari likatulia mara moja. Springi za nyuma zimeongezwa nguvu, na kwa mzigo tuliokuwa nao sikusikia hata mara moja chuma kikigonga chuma. Kwa hili naipongeza yadi kwa moyo mmoja.

Kisha Chalbi. Sijui niieleze vipi kwa mtu aliyekulia kando ya bahari. Fikiria maji yamekupwa na hayarudi tena. Zamani palikuwa ziwa, na lilipokauka likaacha uwanda wa udongo na chumvi, mweupe na tambarare hadi macho yanachoka. Mbele yako unaona maji yanameta, na miti imesimama ndani yake, na ngamia wanatembea juu ya maji hayo. Ni mazigazi. Unayasogelea, yanasogea. Mke wangu alinishika mkono akaniambia nisimamishe gari, tukashuka, tukasimama kimya. Hakukuwa na sauti ya kitu chochote isipokuwa injini ikipoa.

Kwa dereva, Chalbi ni mbili. Ikiwa kavu ni ngumu kama sakafu na unaweza kwenda kwa kasi usiyoitarajia. Ikilowa, hata kwa mvua iliyonyesha siku kadhaa nyuma, chini ya ganda hilo jembamba ni tope linalomeza ekseli. Sisi tulikwenda Agosti, wakati wa ukavu, na bado tuliuliza Maikona, tukauliza tena Kalacha. Mzee mmoja Mgabra alituchorea njia kwa fimbo kwenye mchanga na kutusisitiza tufuate nyayo za malori, tusikate mkato hata tukiona njia nyeupe nzuri. Tulimtii. Karibu na Kalacha, penye chemchemi na mikoma, mchanga ni laini. Tulishusha tairi hadi pauni 20, tukaingiza gia ya magurudumu manne, na gari likapita bila kukwama hata mara moja. Pampu ya upepo ya yadi ilijaza tairi zote nne kwa dakika kama ishirini na tano. Kifaa kizuri sana.

Usiku huo mke wangu alipika wali wa nazi. Alikuwa amebeba nazi sita na mbuzi ya kukunia kutoka nyumbani, pamoja na ng'onda, samaki wakavu, alionunua sokoni, na tukala chini ya nyota ambazo Mombasa na taa zake hatuzioni. Friji lilifanya kazi safari nzima. Madafu manne tuliyoyatia ndani yake tuliyanywa Chalbi yakiwa baridi, na sitausahau utamu wake.

Maji ndiyo yaliyonipa hofu ya kwanza. Kwetu pwani ukitoka jasho unalijua, shati linakushika mgongoni. Kule hewa ni kavu, jasho linapotea kabla hujaliona, na unadhani huna kiu mpaka kichwa kianze kuuma. Tulipanga lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa peke yake. Asubuhi ya Kalacha nikafungua bomba la tangi, yakatoka matone. Bomba lilikuwa limelegea kwenye makunyanzi na zaidi ya nusu ya maji yalikuwa yamemwagika njiani, chini ya gari, tusiyaone. Tuliokolewa na madumu mawili ya maji ambayo shemeji alishikilia tuyabebe, mimi nikiona ni mzigo bure. Tangi lile limefungwa bomba la plastiki la bustani. Mahali pa namna ile hapafungwi bomba la plastiki.

Kubwa zaidi lilitokea kati ya North Horr na Loiyangalani. Mchanga unakwisha, yanaanza mawe meusi ya volkano, yenye ncha, kilomita baada ya kilomita. Unakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Saa tano na nusu asubuhi tairi la nyuma kushoto likapasuka ubavuni.

Pancha jangwani si ajabu. Tulikuwa na tairi spea, jipya kabisa, nililiona yadini likiwa linaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo wake. Shemeji akatia mpini kwenye winchi ya kulishushia, akazungusha. Ukazunguka nusu, ukagoma. Akatia oili, akagonga kwa nyundo, akangoja, akagonga tena. Winchi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekuwa kipande kimoja. Chumvi ya jangwa ilikuwa siku tatu tu kwenye gari lile. Iliyotukwamisha ni chumvi ya bahari ya kwetu, miaka ya upepo wa Mombasa, na hakuna mtu aliyewahi kulishusha tairi lile kulipaka hata grisi.

Shemeji alilala chali juu ya mawe yaliyokuwa moto kama tanuri, na msumeno wa chuma, akaukata mnyororo. Msumeno ulikuwa wake. Kwenye sanduku la vifaa la yadi mlikuwa na jeki, spana ya magurudumu na bisibisi moja. Hata ubao wa kuwekea jeki haukuwepo. Tulitumia ubao wa kukatia vitunguu wa mke wangu, ukapasuka. Vijana wawili waliokuwa wakichunga ngamia walikuja wakaketi nasi, mmoja akalipokea tairi lilipoanguka lisimwangukie shemeji kifuani. Tuliwapa chai na sukari, nao walikaa mpaka nati ya mwisho ilipokazwa. Ilikuwa yapata saa tisa. Mtandao wa simu unapatikana kwenye miji, lakini pale hapakuwa na hata alama moja, na yadi haikutupa simu ya setilaiti wala haikutaja habari zake.

Babu yangu alikuwa nahodha wa mashua. Alikuwa hatweki tanga mpaka azunguke chombo chote akiligonga bodi kwa ngumi, asikie kama kalafati, pamba ya kuzibia mianya ya mbao, imeshika. Mimi yadini nilizunguka gari nikapiga picha. Nilijilaumu sana juu ya yale mawe, kwa sababu nilikuwa nimemleta mke wangu pale.

Loiyangalani fundi mmoja alitia kipande cha tairi kuukuu ndani ya lile lililopasuka, akaweka tyubu, na likatufaa kama spea hadi Isiolo. Ziwa Turkana lina rangi ambayo picha haziisemi kweli, kijani kikigeuka buluu kila wingu likipita. Lakini kama mnakwenda na hema la juu ya gari, sikilizeni: upepo unaoshuka kutoka Mlima Kulal usiku si wa kuchezea. Saa nane za usiku hema lilikuwa likipigwa kama tanga lililokatika demani, ile kamba ya kulishikilia, gari zima likiyumba. Tulilikunja gizani, watu watatu tumelishikilia, tukalala ndani ya kanopi tumebanana. Hema halikuchanika, hilo nalitambua. Ila tafuta ukuta au nyumba ya kukukinga, na elekeza pua ya gari upepo unakotoka. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa upande ule. Tuliiona wakati wa kurudi, safu kwa safu, na barabara ya kokoto iliyotengenezwa kwa ajili ya kuipitisha, kutoka Laisamis, ndiyo iliyoturudisha kwenye lami bila taabu.

Mita ilionyesha zaidi kidogo ya kilomita 2,500 tulipoingia Mombasa. Yadini karani alizunguka gari na karatasi yake, akafika nyuma, akaona mnyororo umekatwa. Akataka kukata shilingi 15,000 kwenye amana yangu kwa uharibifu wa kifaa. Nilimweleza kwa upole, kisha kwa sauti. Shemeji akalala chini ya gari mbele ya meneja, akamwonyesha winchi. Mwishowe walikata 6,000, pamoja na bei yote ya tairi, kwa sababu mkataba unasema tairi na vioo ni juu ya mkodishwaji. La tairi sina neno, nilitia saini. La mnyororo sikuridhika na siridhiki hadi leo. Kuhusu bomba la maji waliandika kwenye daftari, na sijui kama limebadilishwa.

Pamoja na hayo, gari lile nitalikodi tena, na mke wangu ameshaanza kuhesabu miezi. Anataka tukeshe Kalacha usiku wa mwezi mpevu. Nimemwambia meneja uso kwa uso: siku hiyo silipi hata senti mpaka tairi spea lishushwe hadi chini na kupandishwa tena mbele ya macho yangu, bomba la chuma liwe limefungwa, na ubao wa jeki uwe garini. Akacheka, akasema sawa. Shemeji atakuwepo.