Tofali za kuchoma za Dodoma: zipi zinafaa tanuri dogo la vyungu

Tofali za kuchoma zinazouzwa vijiji vya pembezoni mwa Dodoma zinatosha kabisa kujengea tanuri la vikombe, vibakuli na vyungu vidogo. Shida ni uchaguzi. Muuzaji akisikia tofali anawaza ukuta wa nyumba, kwa hiyo atakuchagulia zilizoungua hadi zikawa nyeusi na kung'aa kama chupa. Kwa tanuri, hizo ndizo mbaya: zimeshikana mno, na zikipashwa moto na kupoa mara chache zinapasuka. Za rangi ya machungwa iliyofifia, zilizotoka pembeni mwa tanuri la tofali, ziache pia. Zilaze kwenye ndoo ya maji usiku mmoja uone zinavyomeguka.

Chukua za katikati, nyekundu, zinazolia ukizigonganisha lakini bado zinanyonya maji. Kama udongo wake ulichanganywa na pumba, bora zaidi: pumba zikiungua huacha vitundu vinavyozuia joto kupotea. Vunja moja uitazame ndani. Ukiona punje nyeupe za chokaa, hamia kwa muuzaji mwingine. Chokaa iliyoungua hunyonya unyevu, huvimba, na tofali hubanduka vipande.

Kwa tofali za sentimita 23 × 11 × 7.5, nunua 140, zikiwemo za kufidia zitakazovunjika. Ndani iwe sentimita 48 kwa 48, mistari 10 kwenda juu. Katikati ya sehemu ya moto jenga kaukuta ka mistari minne, upana wa tofali moja. Kila upande unabaki mfereji wa moto wenye mdomo wake. Mstari wa nne wa kuta za pembeni usogeze ndani sentimita 3, kisha panga tofali sita, tatu kila upande, zikiegemea hapo na juu ya kaukuta, zikiachana sentimita 4. Hapo ndipo vyombo vinakaa. Wengi huweka nondo badala yake. Zikiiva nyekundu zinapinda na mzigo wote unashuka.

Saruji usiiguse, moto unaigeuza unga. Tumia udongo wa kichuguu, ndoo 2 kwa ndoo 1 ya mchanga. Ukizidisha kichuguu, viungo vinapasuka vikikauka. Midomo isitazame mashariki wala kusini-mashariki: upepo wa Dodoma wa kiangazi ukiingia moja kwa moja, upande mmoja unaungua na mwingine unabaki mbichi.

Kuni nazo: anza na magunzi kidogo kidogo kwa saa mbili au tatu, mpaka kioo kikishikiliwa juu ya tanuri kisipate ukungu. Ukikimbilia moto mkali mapema, maji yaliyobaki kwenye udongo yanageuka mvuke na chombo kinalipuka. Baada ya hapo ongeza kuni kavu nyembamba hadi vyombo viwe vyekundu vikionekana kupitia nafasi za vigae vilivyofunika tanuri kwa juu. Ziba midomo kwa udongo, fungua kesho yake; kwenye nyuzi 573 hivi madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo hubadili ukubwa ghafla, na upepo wa baridi wakati huo unapasua hata chombo kilichoiva vizuri.

Bei ulizia mbili, ya pale pale na ya kufikishiwa, maana usafiri wa tofali chache unaweza kuzidi tofali zenyewe. Na kabla ya mvua za Desemba litafutie tanuri bati la kulifunika.