Raba mpya, fremu ya zamani: uzoefu wangu na waipa Kisumu

Kama gari lako lilitoka Japani na waipa za fremu ya chuma, na viungo vyake havijalegea, usikimbilie kununua waipa nzima. Badilisha raba peke yake. Nimetumia njia zote mbili hapa Kisumu, na hii ya raba ndiyo nitakayorudia.

Nilianza na zile bapa zisizo na fremu, shilingi 1,200 jozi kwenye duka moja la spea mjini. Zina sura nzuri, na mwanzoni zilipangusa kimya. Baadaye ya dereva ikawa inaacha utepe wa maji katikati, palepale macho yanapotazama, kwa sababu haikulala vizuri kwenye mpindo wa kioo changu. Tena hizo nilizouziwa hazibadilishwi raba. Ikichoka, unatupa yote.

Fundi mmoja Kondele ndiye aliyenigeuza. Fremu za zamani zilikuwa bado kwenye buti. Akazitikisa, akazibonyeza, akasema, "Mkubwa, chuma bado kiko sawa. Nunua raba tu." Raba huja ndefu, anakata kwa kipimo, kwangu ni inchi 24 upande wa dereva na 16 upande wa abiria. Anachomoa vile vyuma viwili vyembamba vilivyo kwenye raba kuukuu na kuvipachika kwenye mpya. Hapa mtazame fundi wako vizuri, maana vyuma vikigeuzwa mpindo, ncha za raba hazigusi kioo. Halafu anaitelezesha ndani ya makucha ya fremu mpaka kucha la mwisho linase kwenye tundu lake. Lisiponasa, raba itachomoka kidogo kidogo huku ukiendesha, na kitakachosugua kioo ni chuma.

Kilichonifanya nimwamini ni tambara. Kabla hajachomoa waipa alitandika tambara nene juu ya kioo, kwa sababu mkono wa chuma unaoshika waipa, ukiwa mtupu na ukirudi kwa kishindo cha springi yake, unaweza kupasua kioo, na bei ya kioo cha mbele unaijua. Nililipa shilingi 500, raba mbili na kazi.

Nimezijaribu kwenye mvua kubwa ya kupanda Kericho, zikafanya kazi safi. Mvua ikiwa nyepesi, ya abiria inalia kidogo. Jua ndilo adui: ikweta inapita hapo Maseno tu, na gari langu hulala nje. Ukingo umeshaanza kukauka, kwa hiyo sitarajii zifike mwaka. Kwa bei hiyo sinung'uniki.

Lakini hakuna raba inayowaweza wadudu wa ziwani. Jioni wanapaa juu ya maji kama moshi, na ukipita katikati yao kioo kinapakwa chote. Ukiwasha waipa hapo hapo unasambaza uchafu wao, na taa za matatu inayokuja zinakuwa weupe mtupu. Mimi husimama, namwaga maji mengi, napangusa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ndipo nawasha waipa. Vumbi kavu la Nakuru mwezi wa Januari nalo ni vivyo hivyo: maji kwanza, la sivyo mchanga unachora kioo.

Raba yenyewe naifuta kwa maji ya sabuni, nikibadilisha upande wa kitambaa mpaka weusi upungue. Mara nyingi mistari inayoachwa kwenye kioo huisha kwa hilo tu, bila kununua chochote. Wapo waosha magari wanaopaka mafuta taa eti raba ilainike. Kataa kabisa, hata kama ni bure. Mafuta taa huivimbisha raba, ikajipinda.

Waipa ya nyuma bado ni ile ile ya zamani. Ya kwangu ni ya plastiki, mfereji wake ni mwembamba, na fundi hakuwa na raba ya kuingia humo.