HX Stomp yangu na Quad Cortex ya kuazima: mpiga solo wa rumba ana haja ya kupanda daraja?

Jamaa yangu anayeishi Ulaya alikuja likizo na Quad Cortex yake, modela ya gitaa, akaniachia niichezee mpaka siku ya kuondoka. Anajua shida yangu: kwa muda sasa nimekuwa nikipiga hesabu za kuuza HX Stomp yangu, modela ndogo na ya bei nafuu zaidi, niongezee hela, nipande daraja. Napiga gitaa la solo hapa Dar es Salaam, Jumapili kanisani, wikiendi usiku na bendi ya hotelini, na harusi zinapotokea. Tunapiga rumba, dansi, zouk kidogo na nyimbo za kwaya. Nayasema haya mapema kwa sababu uamuzi wangu umetokana zaidi na muziki ninaopiga kuliko ubora wa kifaa. Wewe unayepiga metali, soma huku ukijua kwamba huenda kwako mambo yakawa kinyume kabisa.

Kwa asiyefahamu, modela ni kompyuta ndogo ya kukanyaga inayoiga amplifaya, spika yake, maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika hiyo, na pedali zote ambazo ungezipanga miguuni. Unachomeka gitaa upande mmoja, na upande wa pili waya unakwenda moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi. Habari za kubeba amplifaya ya kilo 28 kwenye bajaji zinaishia hapo. Wala si mambo mapya: Line 6 walitoa POD, kile kidubwana chekundu chenye umbo la harage, mwaka 1998. Kemper ya Ujerumani ikaja na Profiler yake mwaka 2011, Helix ya Line 6 ikafuata 2015, na HX Stomp, mdogo wake Helix, 2018. Quad Cortex inatoka kampuni ya Neural DSP ya Helsinki, Finland, na ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2021.

Bei ndiyo inayotukosesha usingizi. HX Stomp iliingia sokoni kwa dola 599. Quad Cortex ilianzia kwenye dola 1,600 hivi, ikapanda hadi karibu 1,850. Kwa pesa yetu hizo ni milioni nne na ushee, na hapo hujagusa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Axe-Fx III ya Fractal, modela nyingine, iliingia sokoni ikivuka dola 2,000 kabla hujanunua hata swichi za kuikanyagia, maana yenyewe ni ya kufunga kwenye raki.

Nianze na kilichonifurahisha. Skrini ya kugusa ya inchi saba ni raha tupu. Unaona mnyororo mzima wa vifaa vyako, mistari minne yenye nafasi nane kila mmoja, unasogeza kompresa (inayosawazisha noti za nguvu na za taratibu) kwa kidole, unaiweka nyuma ya amplifaya, unasikiliza, unairudisha. Swichi za kukanyaga zenyewe ndizo vitufe vya kuzungusha: unainama, unashika swichi ileile uliyoikanyaga sasa hivi, unaizungusha, gaini (kipimo kinachoifanya amplifaya izidiwe na ikwaruze) inapanda. Kwenye Stomp nina swichi tatu na kiskrini kidogo, na kubadilisha kitu katikati ya wimbo kunataka macho na subira. Kifaa kizima kina kilo mbili tu. Lawama yangu moja ni kwamba swichi zake zimebanana. Mimi navaa kiatu kikubwa, na kwenye jukwaa lenye giza nilijikuta nakanyaga kwa ncha ya kidole gumba kama mtu anayevuka matope.

Sasa sauti, ambayo ndiyo hoja yenyewe.

Nyumbani, kwenye hedifoni, Quad Cortex inashinda. Sitaki kuzungusha maneno. Nilichukua mfano wa amplifaya ya Fender Deluxe Reverb kwenye vifaa vyote viwili, nikapandisha gaini mpaka pale sauti inapoanza kukwaruza ukiucharaza uzi kwa nguvu na kutakata ukiugusa taratibu. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwenye Quad Cortex mkwaruzo unakuja na kuondoka kwa mkono wako, polepole, na noti inafia ndani yake. Kwenye Stomp nao unakuja, ila kuna mahali unahisi kama umevuka mstari: hapa safi, hapa chafu. Ukipiga bluzi au roki, tofauti hiyo utaishi nayo kila siku.

Lakini mimi nikianza sebene, gaini iko chini kabisa. Mpiga solo wa rumba anataka gitaa linalolia kama kengele, kila noti imesimama peke yake, isikike juu ya gitaa la ridhim, gitaa la pili, kinanda na waimbaji wanne. Sauti hiyo wengi tumeizoea kutoka kwenye amplifaya mbili: Fender Twin Reverb na Roland JC-120 ya mwaka 1975. Hiyo ya Roland ni ya transista, haina valvu (zile taa za kioo za amplifaya za zamani) hata moja, na sifa yake kubwa ni kwamba haikwaruzi. Unachoingiza ndicho kinachotoka, kikubwa zaidi.

Fikiria hapo. Kazi ngumu ya modela, ile iliyowafanya wahandisi wa Finland na Marekani wakeshe miaka yote hii, ni kuiga valvu inapozidiwa: inavyobana, inavyokwaruza, inavyobadilika kwa kila pigo. Amplifaya isiyozidiwa ni rahisi kuiga. Ndiyo maana Jazz Rivet 120, jina ambalo Line 6 wameipa JC-120 yao, na mfano wa amplifaya hiyohiyo ndani ya Quad Cortex, nilipovipitisha kwenye spika za kanisa havikumshtua mtu. Nilibadilisha kifaa katikati ya mazoezi bila kumwambia fundi mitambo. Hakuinua hata kichwa. Mpiga besi, ambaye ana sikio la mbweha, aliuliza tu kwa nini leo nimepunguza ekko.

Kilicholeta tofauti ukumbini ni vitu ambavyo Stomp anavyo tayari. Kompresa iliyotulia, isiyobana mpaka noti zikose pumzi. Ikwalaiza inayokata sauti zote nzito za chini ya 120 Hz, kwa sababu huko ni kwa besi na dramu na gitaa likikaa huko linachafua tu. Kuinua kidogo maeneo ya 2.5 kHz, sauti za juu. Dilei (ekko) fupi iliyofungwa kwenye mwendo wa wimbo. Ukijumlisha amplifaya na spika yake, korasi (inayoifanya sauti iyumbe kama wimbi) na riverbu (mwangwi wa chumba), ni nafasi sita. Stomp ilipotoka ilikuwa na sita tu; sasisho la 3.0 la mwaka 2020 likaifikisha nane, bure. Bado zinabaki mbili na sijui niweke nini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kweli lilinivuta kwenye Quad Cortex: uwezo wake wa kunakili amplifaya halisi. Unaiunganisha na amplifaya yako, unaweka maikrofoni mbele ya spika, kifaa kinatuma milio yake ya ajabuajabu kwa dakika chache, kisha kinakupa nakala unayotembea nayo mfukoni. Kuna mzee mmoja Magomeni, mpiga solo mstaafu wa enzi za dansi, ana JC-120 iliyochoka kwa nje lakini bado inaunguruma. Nikamwomba, akakubali.

Tukaiweka sebuleni, nikasimamisha maikrofoni ya SM57 vidole viwili kutoka kwenye kitambaa cha spika. Mzee akakaa kwenye kochi na gitaa lake mapajani. Milio ilipoanza akauliza, "Hiyo ndiyo inasoma?" Nikamwambia ndiyo, shikamoo yako imepokelewa. Akacheka. Tulipomaliza nikampigia kwanza amplifaya yake, kisha nakala. Akanyamaza, akaomba nirudie, akapiga mwenyewe kipande kifupi cha juu shingoni.

"Sauti ni yangu," akasema. "Ila mvumo wake mmeuacha wapi? Na lile wimbi halipo."

Mvumo sina la kusema, ni waya zake za umeme. Wimbi, yaani korasi, ndilo la msingi. Kunakili hakushiki korasi wala ekko, kunashika sauti kavu tu. Korasi unaizima kabla ya kuanza, kisha unaiongeza kutoka ndani ya kifaa. Na korasi ya JC-120 ina siri yake: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa ileile ikiyumba kidogo, na zote mbili zinachanganyika hewani, ndani ya chumba, kati ya amplifaya na sikio lako. Ndiyo maana ukisimama mbele yake unajisikia umezungukwa. Mitambo yetu mingi, kanisani na hotelini, ni ya mono, yaani sauti zote zinatoka kama moja. Pande mbili za korasi zikikutana ndani ya mikisa badala ya hewani, zinakula zenyewe kwa zenyewe, na uwe na kifaa cha milioni tano au cha laki tano, kinachotoka ni kilekile.

Kwa hiyo nilitembea na amplifaya ya mzee mfukoni, nakala nzuri sana, ya kitu ambacho Stomp wangu alikuwa akikiiga vizuri tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa spika ya pili.

Kuna mambo mengine ambayo lazima niyape haki yake. Quad Cortex ina matundu ya XLR (ya waya kama wa maikrofoni) nyuma, unaunganisha na mikisa bila kutafuta kidude cha katikati. Stomp hana, na fundi mitambo akisahau boksi la DI, kidude chenyewe hicho, mnaanza kuazimana. Ina pia pembejeo mbili zinazokubali maikrofoni, pamoja na umeme wa 48V ambao baadhi ya maikrofoni zinauhitaji, kwa hiyo anayeimba huku anapiga gitaa anaweza kupitisha vyote humo. Mimi na mpiga ridhim wetu tulijaribu kuitumia pamoja, kila mtu na mstari wake na tundu lake la kutokea, na ilifanya kazi safi kabisa. Wazo la kuchangia bei lilipita kichwani. Kisha tukaulizana: ikizima, nani anapiga? Na mmoja akipata shoo nyingine Jumamosi, nani anabaki nayo?

Hilo la kuzima si la kubuni. Vifaa vya aina hii vyote ni kompyuta, na kompyuta ikikatiwa umeme inaanza upya. Kikubwa kinachukua muda mrefu zaidi kuamka, Stomp anaamka haraka zaidi. Kwenye harusi moja umeme ulikatika sebene likiwa limeshika, bibi harusi yuko katikati na wajomba wanatunza. Jenereta ikawashwa. Dramu na tumba havikuwa vimesimama hata kidogo, besi akarudi mara moja na amplifaya yake ya kawaida, na mimi nikasimama naangalia nembo kwenye skrini. Muda huo jukwaani ni mrefu kuliko unavyodhani. Hapo hata kwa Stomp nilitamani pedali moja ya kawaida na amplifaya ya kuwasha na kupiga.

Basi nimeamua nini? Sikupanda daraja. Sehemu ya hela niliyokuwa nimeweka imekwenda kwenye spika ya inchi 12 yenye amplifaya ndani yake, ninayoiweka nyuma yangu jukwaani ili nijisikie bila kumtegemea mtu wa monita. Hiyo imebadilisha upigaji wangu kuliko kifaa chochote, kwa sababu sasa nasikia ninachofanya na sikandamizi nyuzi kwa hasira. Nyingine imenunua boksi la DI la kwangu mwenyewe na adapta ya akiba. Adapta ya Stomp ni ya 9V na 3A, chanya iko nje, siyo ile utakayoiokota dukani jioni ya shoo. Kama unayo Stomp na huna adapta ya pili, acha kusoma bei za modela na ukaitafute kwanza. Kinachobaki nimeanza kuweka kwa ajili ya spika ya pili, nione kama wimbi la mzee litarudi.

Ningeshauri nani anunue? Anayerekodi kwa malipo, maana kwenye hedifoni na spika za studio tofauti niliyoieleza inasikika na mteja anailipia. Anayepiga nyimbo za watu wengi kwa usiku mmoja, kila wimbo na sauti yake, na anahitaji swichi 11 mbele yake. Anayepiga kwa mkwaruzo. Na yule ambaye hana kitu kabisa na hela anayo, anunue mara moja amalize, mradi akumbuke kwamba ikiharibika hapa hakuna fundi wa jirani wa kuifungua.

Jamaa yangu ameshaondoka na mashine yake. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikamwambia siku akitaka kuiuza aanze na mimi. Kwa nusu ya bei, mazungumzo yatakuwa mengine.