Uludağ kwa siku moja kutoka Istanbul: uzoefu wangu wa safari ya theluji

Kwa mtu wa Mombasa aliye na siku moja ya ziada Istanbul kati ya mwisho wa Desemba na Machi, safari ya mlima Uludağ, juu ya mji wa Bursa, ndiyo njia rahisi niijuayo ya kukanyaga theluji na kurudi kulala hotelini usiku uleule. Theluji ya Kilimanjaro twaitazama kutoka Amboseli, lakini kuifikia ni kazi ya siku kadhaa za kupanda kwa miguu. Uludağ una mita 2,543 na sehemu kubwa unapandishwa umekaa. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya muda: ziara nyingi za bei ya chini zinakupa theluji kidogo na barabara nyingi.

Hebu tupige hesabu ya siku yenyewe. Basi huanza kuokota abiria mahotelini mnamo saa moja asubuhi. Saa za Uturuki ni sawa na zetu, ila Januari jua la huko halichomozi hadi karibu saa mbili na nusu, kwa hivyo mnaondoka gizani. Kutoka Istanbul hadi Bursa ni kama kilomita 150. Mkipita daraja la Osmangazi, lililofunguliwa mwaka 2016 juu ya ghuba ya Izmit, ni saa mbili hadi mbili na nusu. Dereva akiamua kupanda feri ya Eskihisar kwenda Topçular, ongeza foleni. Halafu kuna maduka: la lokumu (peremende laini za Kituruki), la ngozi, pengine na la tatu, kila moja nusu saa au zaidi. Halafu kituo cha kukodi nguo. Ukija kuweka mguu kwenye theluji ni saa saba mchana, na saa tisa mnaitwa kushuka. Kwa hivyo usiulize bei kwanza. Uliza: tutakaa mlimani kwa muda gani, tutasimama maduka mangapi, na je, tiketi ya teleferik (vibanda vya waya vya kupanda mlimani) ya kwenda na kurudi imo ndani ya bei au ni juu yangu? Mimi ziara isiyotoa saa tatu kamili juu siilipii. Iliyo ghali kidogo na isiyo na maduka ndiyo rahisi ukigawa pesa kwa saa za theluji.

Teleferik ni vibanda vya watu wanane vinavyoning'inia kwenye waya. Vinaondoka Teferrüç, ukingoni mwa Bursa, na njia nzima ni karibu kilomita 9. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1963. Hii ya sasa ni ya 2014. Angalia tiketi yako inaishia kituo gani. Wageni wengi huteremka Sarıalan, kwenye mita 1,600 na kitu, wakidhani ndio mwisho. Siku za joto hapo kuna matope ya theluji tu. Endelea hadi Kurbağakaya, karibu na mahoteli, kwenye mita 1,800 hivi. Huko theluji ni kavu na nene zaidi.

Kinachoharibu safari hii kuliko kitu chochote ni upepo. Sisi tuna kusi na kaskazi. Wao wana lodos, upepo wenye nguvu na joto unaotoka kusini-magharibi na kuvuma eneo la Marmara majira ya baridi. Ukivuma, teleferik husimamishwa, boti za kutoka Istanbul kwenda Mudanya hufutwa, na theluji huanza kuyeyuka. Hapo mtapandishwa kwa barabara, kama kilomita 35 za kona kutoka mjini, ambako magari hutakiwa matairi ya baridi au minyororo. Mwenye kutapika safarini ajiandae. Tazama utabiri wa upepo wa Bursa usiku wa kuamkia safari, pamoja na kamera za moja kwa moja za mlimani: ukiona ukungu mweupe mtupu, ahirisha ukiweza, maana hutaona hata mti ulio mbele yako.

Sasa nguo, na hapa ndipo watu wa pwani wanapoumia. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo Istanbul ikiwa nyuzi 8, juu ni kama 4 chini ya sifuri kabla hujahesabu upepo. Adui mkubwa ni pamba. Fulana ya pamba hunyonya jasho unapocheza, kisha ukisimama inakugandia mwilini. Vaa ya polista au sufu ndani, sweta juu yake, kisha jaketi lisilopitisha maji. Majaketi mazito ya mitumba hupatikana soko la Kongowea. Ukichagua, dondoshea maji kwenye bega. Tone likijiviringa, chukua, likizama, rudisha. Suruali ya juu na buti kodisha kule kule, hazistahili kubebwa kwenye begi. Buti zichukue saizi moja kubwa, maana zinazobana huzuia damu na vidole hufa ganzi hata kwa soksi mbili. Na soksi za kubadilisha ziwe mkobani, kwa sababu buti za kukodi mara nyingi zina unyevu ndani. Wakitaka dhamana, toa pesa taslimu, pasipoti ibaki mfukoni mwako.

Kina mama: pindo la buibui likiburura kwenye theluji hulowa kisha likaganda kama ubao. Koti pana la kufika magotini juu ya suruali nzito linasitiri na linatembea vizuri.

Kwa swala, jambo lililonifaa kuliko yote ni khufu, yaani soksi za ngozi. Zivae hotelini baada ya udhu kamili, zifunike vifundo vya miguu, na msafiri ana ruhusa ya kupaka maji juu yake kwa siku tatu pamoja na usiku wake. Kuosha miguu kwa maji ya mlimani na kuirudisha kwenye soksi zenye unyevu ni kujitafutia maradhi.

Paka losheni ya kuzuia jua usoni kabla ya kutoka, na juu yake mafuta ya mgando, hata midomoni. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi mikali ya jua, na macho huwasha usiku kucha ukikosa miwani myeusi. Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili: betri kwenye baridi hushuka ghafla na kuzima ikiwa bado ina chaji. Picha zikitoka za kijivu, ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, maana weupe mwingi huidanganya.

Sleji za plastiki hukodishwa kwa bei ndogo. Telezea sehemu zilizotengwa, kamwe si kwenye njia za wanaoteleza kwa ski. Wale hawawezi kusimama ghafla.

Chakula ni rahisi: mkate wenye sucuk, soseji ya ng'ombe yenye kitunguu saumu iliyochomwa makaa, na kikombe cha salep, kinywaji kizito cha maziwa ya moto chenye mdalasini. Ukiwa na nafasi ya kupita mjini, badilisha duka moja kwa Ulu Cami, msikiti wa kuba 20 uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14, wenye birika la udhu ndani kabisa ya ukumbi.

Chagua Jumanne hadi Alhamisi. Epuka zile wiki mbili, kati ya nusu ya pili ya Januari na mwanzo wa Februari, ambapo shule za Uturuki hufungwa. Foleni ya teleferik ya kushuka, kuanzia saa tisa mchana, inaweza kula saa nzima ya siku yako. Na kabla ya kulipa, pata kwa maandishi kwamba teleferik ikifungwa kwa upepo utarudishiwa pesa ya tiketi yake.