Kamera ya mtego ya filamu kutoka mitumbani: tathmini baada ya kuitumia Njoro

Kamera hii niliinunua kwa shilingi 1,800 katika kibanda cha vifaa vya mitumba mjini Nakuru, na kwa mtu mwenye subira na ujuzi kidogo wa nyaya na betri, inastahili bei hiyo. Anayetaka kuifunga mtini leo na kutazama picha kesho asiinunue. Karibu matatizo yote ambayo watu huyaita ubovu wa kamera za aina hii hutokana na nguvu ya betri, kihisi joto au mahali ilipofungwa, na yote matatu yanaweza kuchunguzwa kabla ya kutia filamu ndani.

Kifaa chenyewe ni kamera ndogo ya kawaida ya filamu ya milimita 35, iliyofungiwa ndani ya sanduku la plastiki pamoja na kihisi na saketi inayobonyeza kitufe cha picha mnyama anapopita. Zilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani, ambao walikuwa wakizifunga kando ya njia za kulungu kabla ya msimu wa kuwinda ili wajue dume mwenye pembe kubwa hupita wapi na saa ngapi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, nami ninaitumia kuwafahamu pongo, aina ya swala wa vichakani, wanaoshuka kutoka upande wa msitu wa Mau hadi kwenye mipaka ya mashamba. Pongo ni mnyama wa kufaa sana kwa kazi hii: hutembea zaidi usiku, alfajiri na jioni, na madoa na mistari ya ubavuni mwake hutofautiana na ya mwenzake, hivyo picha moja safi ya ubavu yatosha kumtambua akirudi tena.

Nilipoiwasha mara ya kwanza bila filamu na kupita mbele yake, taa ndogo nyekundu ya majaribio haikuwaka hata kidogo. Wengi wangehitimisha kwamba kihisi kimekufa. Tulipofungua sanduku na fundi wa redio, tuliona kwamba dirisha la kihisi lilikuwa limevunjika zamani na mtu akaweka kipande cha kioo badala yake. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga tunaouona, lakini kinazuia miale ya joto inayotoka mwilini mwa mnyama, kwa hiyo kihisi kilikuwa kama kimefungwa nyuma ya ukuta. Dirisha la asili huwa plastiki nyembamba yenye mistari midogo inayokusanya joto hilo na kuligawa katika kanda, na kihisi hushtuka kitu chenye joto kinapovuka kutoka kanda moja hadi nyingine. Fundi alichukua plastiki ya aina hiyo kutoka kwenye taa ya usalama iliyoharibika, ile inayowaka yenyewe mtu akipita, akaiweka kwa umbali uleule iliokuwa nao katika taa yake, na kamera ikaanza kuitikia.

Betri ndizo zilizofuata. Betri za bei ya chini kabisa zinazouzwa madukani huendesha redio vizuri, lakini haziwezi kutoa mkondo mkubwa wa ghafla unaohitajika kuchaji fleshi, na matokeo yake ni picha nyeusi za usiku ambazo mtu huilaumu filamu. Nunua za alkali. Ukitumia za kuchajiwa, kumbuka kwamba kila moja hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kwamba nne zikiunganishwa hukupa volti 4.8 mahali ambapo saketi inatarajia 6. Unga mweupe unaoganda kwenye springi baada ya betri za alkali kuvuja huondolewa kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, kisha chuma hukaushwa vizuri na kusuguliwa polepole kwa msasa laini.

Kuhusu mahali pa kuifunga, nasema kwa msisitizo: isielekezwe mashariki wala magharibi. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama likitazama kamera hiyo moja kwa moja, tena katika saa zilezile pongo anapotembea. Ielekeze kaskazini au kusini, na ufyeke nyasi na matawi yaliyo mbele yake, kwa sababu jani lililopashwa joto na jua na kutikiswa na upepo hukishtua kihisi kama mnyama. Ukiwa umeweka muda wa kusubiri wa dakika moja kati ya picha na picha, filamu yote ya picha 36 inaweza kuteketea kwa muda unaopungua saa moja, nawe ukabaki na mkusanyiko wa picha za nyasi. Mimi huweka swichi kwenye usiku pekee na kurefusha muda huo. Joto la mchana, ambapo hewa hukaribia joto la mwili wa mnyama, hukidhoofisha kihisi hata hivyo.

Liko tatizo moja ambalo halina dawa kamili. Kamera iliyomo ndani hujizima ili kuokoa betri, na ikiamshwa na saketi huchukua muda kidogo kabla ya kupiga, kiasi kwamba mnyama anayekatiza mbele yake hubaki mkia tu kwenye picha. Ukiielekeza kufuata urefu wa njia, mnyama atakaa mbele ya lenzi kwa muda mrefu, lakini kihisi humgundua kwa shida anayekuja akikielekea. Mshazari ndio uliofaa kwangu: kamera itazame njia kwa pembe, ikiwa kimo cha bega la pongo.

Baridi na ukungu wa Njoro huacha matone ndani ya lenzi. Mfuko mdogo wa chembe za kukausha unyevu, kama zile zinazowekwa ndani ya viatu vipya, unatosha iwapo raba ya mlango bado ni nzima.

Gharama kubwa iko kwenye filamu yenyewe. Studio nilizozifahamu mjini Nakuru zimeacha kazi ya kuisafisha, hivyo mimi huituma Nairobi, na kila picha iliyopotea ni pesa. Natumia filamu ya kasi ya 400, yaani yenye wepesi mkubwa wa kunasa mwanga, kwani mwanga wa fleshi hufika nayo umbali mara mbili ya ule wa filamu ya 100, na kamera ikikosea kidogo kwa kuzidisha mwanga, filamu ya rangi huvumilia. Ubavu wa pongo ukitoka vizuri humo, madoa huhesabika, na kwa hilo nimeridhika.

Ukienda kununua, beba betri zako mwenyewe. Sikiliza mota ikivuta filamu ya majaribio, angalia kama fleshi inachaji, kisha fungua mlango wa nyuma na uguse sponji nyeusi ya pembeni. Ikinata kwenye kidole kama lami, mwanga utaingia na kuunguza picha, basi mwombe muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha kuibadilisha.