Waliniambia Niongee kwa Sauti: Uzoefu Wangu na Huduma ya King'ora cha Nyumbani

“Ongea kwa sauti, madam, sikusikii.”

Maneno hayo niliambiwa nikiwa nimechutama bafuni, ghorofa ya juu, mlango nimeufunga kwa komeo, watoto wangu wawili wamejibanza mgongoni mwangu, na huko chini wanaume nisiowajua wanaung'oa mlango wa jikoni kwa mtaimbo. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha dharura cha kampuni ninayoilipa kila mwezi bila kuchelewa, na msichana aliyenipigia kutoka chumba chao cha mawasiliano akataka nipaze sauti. Yamepita majuma kadhaa tangu usiku ule, lakini kila nikiyakumbuka maneno hayo mikono hunitetemeka, kwa hiyo msomaji anisamehe nikirudia jambo moja mara mbili.

Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa malalamiko yangu bado hayajaamuliwa. Aina ya mitambo yao pia sitaieleza, kwa kuwa hayo yeyote anaweza kuyauliza dukani. Nitaeleza lile ambalo mtu wao wa mauzo hakuambii anapokuja na makaratasi yake, yaani kinachotokea baada ya kidole chako kubonyeza kile kitufe.

Tunaishi Buruburu, jijini Nairobi, katika zile nyumba za ghorofa zenye vigae vyekundu zilizopangwa kwa korti, yaani vikundi vya nyumba vyenye lango lake, na ua wetu wa nyuma unapakana na kichochoro ambacho taa yake haijawaka kwa muda mrefu. Usiku huo stima ilikuwa imepotea tangu jioni. Baba watoto alikuwa Mombasa kikazi. Kama saa nane hivi nilisikia chuma kikikwaruza chuma upande wa jikoni, kikatulia, kikaanza tena, na hapo nikajua kwamba huyo si paka. Niliwaamsha watoto kwa kuwaziba midomo, nikawaingiza bafuni, nikabonyeza kitufe kwa sekunde tatu kama nilivyofundishwa. Kitufe hicho hakitoi mlio, na kimetengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi asijue kwamba umeita msaada, na wewe uendelee kujificha. Kumbukeni jambo hilo.

Simu ilitetemeka mkononi kabla sijahesabu hadi ishirini, na nakiri kwamba wakati huo nilimshukuru Mungu kwa ajili yao. Msichana akaniomba neno la siri. Nikalinong'ona. Akasema hanisikii. Nikalinong'ona tena, nimeibana simu mdomoni kwa viganja viwili, na mwanangu mdogo akanishika shavu kama anayetaka kuninyamazisha. Nyuma ya yule msichana nilimsikia mtu akiuliza sukari imewekwa wapi. Nikasema, “Wako ndani.” Akanijibu, kwa sauti ya mtu anayemaliza zamu, “Madam, bila neno la siri siwezi kutuma gari. Kama hakuna shida, nitafunga.” Kisha simu ikakatika.

Kinachoniuma hata kuliko jeuri hiyo ni kwamba muda wote huo sikumpigia mtu mwingine yeyote. Ningeweza kupiga 999 au 112. Ningeweza kumpigia jirani wa ukuta mmoja, ambaye ana filimbi kitandani kwake, na ambaye angeweza kuamsha korti nzima. Ningeweza hata kufungua dirisha la bafu nikapiga mayowe, kama walivyofanya mama zetu tangu zamani. Sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu nilikuwa nimeshika simu, nikiamini kwamba msaada uko upande wa pili. Kampuni hiyo iliniuzia utulivu, na utulivu huo ndio uliokaribia kutuponza.

Mlango ulipofunguka, king'ora kikalia. Hapa lazima niseme ukweli wote, hata kama haunisaidii katika madai yangu: mtambo ulifanya kazi yake. Stima haikuwepo, lakini betri iliyomo kwenye sanduku la ukutani ilishika, sensa ya mlango, yaani kile kifaa kinachohisi mlango ukifunguliwa, ikatambua, na mlio ule uliwatoa wale watu mbio. Waliondoka na mtungi wa gesi pamoja na viatu vya shule vya mwanangu, ambavyo nilikuwa nimevianika karibu na mlango vikauke. Aliyefika wa kwanza ni askari wa lango la korti yetu, mzee tunayemchangia kila nyumba shilingi mia chache, koti halijafungwa vifungo, rungu mkono mmoja na tochi mkono mwingine. Aliita, “Mama, mko salama? Watoto wako wapi?” Hakuniuliza neno la siri. Alisimama kwenye ule mlango uliong'olewa mpaka kukapambazuka, na gari la kampuni halikufika kamwe.

Asubuhi nilikwenda kituo cha polisi, nikapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, kisha nikaenda moja kwa moja ofisini kwao. Msimamizi alinitolea karatasi iliyochapishwa. Mstari wa kwanza ulisema: “Kitufe cha dharura. Mteja hakutoa neno la siri. Imefungwa.” Mstari wa pili, dakika chache baadaye: “Sensa ya mlango. Tukio lilelile. Imefungwa.” Yaani king'ora kilipolia na kuamsha mtaa, kwao halikuwa tukio jipya, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imekwisha kufungwa katika orodha yao. Nikamwuliza kama ameielewa karatasi aliyonipa. Akasema, “Mama, kanuni ni kanuni. Watu hubonyeza hicho kitufe kwa bahati mbaya, gari linatoka bure.”

Sikatai kwamba watu hukibonyeza kwa bahati mbaya, kwani hata mwanangu amewahi kukibonyeza akichezea rimoti. Najua pia kwamba gari moja linalinda mitaa mingi, na likienda Umoja kwa ajili ya mtoto aliyechezea rimoti, huenda Donholm kuna mtu anayelihitaji kweli. Neno la siri lina maana yake pale ambapo king'ora kimelia chenyewe, na kampuni inataka kujua kama aliyepokea simu ni mwenye nyumba au ni mwizi. Lakini anayebonyeza kitufe cha dharura kisicho na mlio amekwisha kukueleza kwamba hawezi kusema. Ukimpigia na kumtaka aseme, umeugeuza mtambo wenyewe dhidi yake. Mtu akishindwa kutoa neno la siri baada ya kukibonyeza, hiyo ni sababu ya gari kwenda mbio zaidi. Na kuna hali mbaya kuliko yangu: je, kama kisu kingekuwa shingoni mwangu? Huduma zinazojiheshimu humpa mteja neno la pili, linalosikika kama la kawaida, lakini msikilizaji akilisikia anajua kwamba anayesema amelazimishwa. Mimi sikupewa neno kama hilo, na nilipouliza, msimamizi alisema ataulizia.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeamua kuwanyima hata nyota moja. Sasa nasita, kwa sababu ya fundi wao, na itakuwa dhuluma nikimwacha nje.

Fundi huyo, kijana mpole, alipokuja kufunga mitambo mwaka jana alisema kwamba mwizi si hatari pekee katika nyumba hii. Alinionyesha kwamba grili ya chumba cha watoto ilikuwa imechomelewa ukutani pande zote, haifunguki, na akaniuliza wangetokea wapi moto ukizuka ngazini. Sikuwa na jibu. Juma lililofuata nilimwita fundi wa kuchomelea akaikata, akaiwekea bawaba na kufuli ya ndani, na ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ambao watoto wanaufikia, lakini mtu aliye nje ya dirisha haufikii. Kisha yule fundi wa kampuni akaniuzia sensa ya gesi. Mimi nilitaka iwekwe juu, karibu na dari, isionekane. Akakataa katakata. Gesi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa, akasema, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo sensa iliyo darini itakuambia wakati umekwisha kuchelewa. Akaiweka chini, kama urefu wa rula moja kutoka sakafuni, kando ya mtungi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiitazama kwa kinyongo kila ninapopiga deki.

Alfajiri moja, kabla ya masika, sensa ile ikalia. Sisi wa upande huu wa jiji hatujasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, moto ukaua watu na kuteketeza makazi, kwa hiyo nilishuka ngazi miguu ikinilegea. Fundi alikuwa amenikariria la kufanya: usiwashe taa wala usiizime, usiwashe kiberiti, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Nikafanya hivyo gizani. Baadaye tulipaka mpira wa gesi maji ya sabuni, na karibu na kibano pakachipuka mapovu madogo yaliyofuatana, kwenye ufa ambao jicho pekee lisingeuona. Ningewasha taa ya jikoni asubuhi ile kama ninavyofanya kila siku, sijui ningekuwa naandika nini leo, au kama ningekuwa naandika. Kwa ajili ya asubuhi hiyo, fundi yule nampa nyota zote, na mpaka hapa nilikuwa tayari kuipa kampuni nzima tatu.

Lakini nilisikiliza rekodi.

Kampuni hurekodi simu zake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi kutoka kwa yule anayezihifadhi. Niliwaandikia barua nikiitaja sheria hiyo. Wakazungushana, wakaniomba nisubiri, mwishowe wakanitumia. Haifiki dakika mbili. Katika rekodi hiyo, neno langu la siri linasikika. Si kwa sauti kubwa, lakini linasikika, mara mbili, na dada yangu asiyelijua alilitambua mara ya kwanza aliposikiliza. Zinasikika pumzi za mtoto. Unasikika mtaimbo: pigo moja, kimya, pigo jingine, na ubao unaopasuka. Mtu yeyote aliyeyatega masikio yake kwa mwanamke anayenong'ona angeujua ule mshindo ni wa nini. Msichana yule aliambiwa, na kila sauti iliyokuwa ndani ya nyumba yangu, na akaandika “Imefungwa”. Simlaumu peke yake. Huenda amewekwa zamu ya usiku kucha na simu nyingi kuliko anavyoweza, na aliyempa karatasi ya maswali hakumfundisha kusikiliza. Hata hivyo, sukari yao ilipatikana na gari langu halikutumwa, na nyota zangu tatu nikazirudisha mfukoni.

Baada ya rekodi hiyo mkurugenzi alinipigia mwenyewe, akaniomba radhi kwa adabu, akanipa mwezi mmoja bure na kunihakikishia kwamba utaratibu umebadilishwa: kitufe cha dharura kikibonyezwa, gari linatoka kwanza, simu inafuata. Kwa kuwa nimejifunza, niliamua kujaribu. Jioni moja nilimweleza askari wa lango asishtuke, nikabonyeza kitufe, simu ilipoita nikaipokea nikanyamaza kimya. Gari lilifika kabla chai yangu haijapoa, likiwa na watu wawili, wakazunguka nyumba yote, wakakagua ua wa nyuma, na mmoja wao akasema, “Pole sana kwa yaliyotokea, mama.” Niliwashukuru kwa moyo wote. Usiku huo nililala usingizi wa kwanza wa maana tangu mlango ung'olewe, na nikaamua kubaki nao.

Nyumba ya nne kutoka kwetu anaishi mjane mzee anayehudumiwa na kampuni hiyohiyo, na kitufe chake hukivaa shingoni kwa kamba. Nilipomsimulia, aliniomba tujaribu na chake, ili naye alale kwa amani. Tuliketi sebuleni kwake, akabonyeza, nikamwomba asijibu chochote. Simu ikaita. Akaiweka kwenye spika.

“Neno lako la siri, tafadhali, madam?”

Tukakaa kimya. Sauti ikauliza tena, ikasema haimsikii, ikamtaka aongee kwa sauti, halafu ikakata. Tulingoja pale mpaka taarifa ya habari ikaisha, na hakuna gari lililokuja. Walikuwa wamebadilisha utaratibu wa nyumba yangu peke yake, kwa sababu nilipiga kelele.

Nimewaandikia kwamba mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na barua ya yule mama nimemwandikia mimi, yeye akaitia saini. Sensa ya gesi ni mali yangu, nimeilipia, na itabaki palepale alipoiweka yule fundi. Filimbi mbili nimenunua, moja iko chini ya mto wangu, nyingine nimempelekea yule mjane, naye ameifunga kwenye kamba ileile ya kitufe.