Kutazama twiga hifadhi ya Murchison Falls, Uganda: chukua upande wa kaskazini

Kwa twiga, safari ya gari kaskazini mwa Nile, kwenye njia za Buligi, inastahili kila shilingi. Nenda asubuhi jua likiwa bado chini, na umchukue renja. Jicho lake ni nusu ya safari. Twiga wa hapa ni wa aina ya Nubia, miguu myeupe chini ya goti, bila madoa. Angalia pembe: za dume zina upara juu kwa sababu ya kupigana, za jike zina kishungi cheusi. Ulimi wa karibu sentimita 45 hupenya kati ya miiba ya mgunga na kuchuma majani tu, raha kuutazama! Kasoro ni madereva wanaosogea mno. Twiga akiacha kutafuna na kukukazia macho, simama, zima injini. Akitanua miguu anywe maji, kaa mbali kabisa.